Sindano Mbili, Mbeya na Iringa

Siku ya kwanza kazini nilipewa sindano. Si ya kushonea, wala si ya kudungia watu. Ilikuwa chuma kirefu chembamba chenye mpini wa mti, na Bwana Mratibu aliyenikabidhi hakunieleza kitu mpaka alipomaliza chai yake. Nikasimama nayo mkononi, nimevaa gauni langu la heshima, mavumbi ya safari ya kutoka Kilosa hayajanitoka vizuri masikioni, nikawaza kwamba nimeletwa Mbeya kufuma masweta. Na baridi ya mji ule ilivyokuwa, nisingeshangaa.

"Umesoma mpaka wapi?" akaniuliza.

"Nimemaliza kidato cha nne, Bwana."

"Basi usije ukanionyesha ulivyosoma. Kazi hii inataka mtu anayefuata hatua."

Hayo ndiyo yalikuwa makaribisho yangu. Bwana Mratibu wa kwanza alikuwa mtu mzima, mkali wa maneno lakini hana kinyongo, na kila alichonifundisha ndicho nilichofanyia kazi mpaka nastaafu. Ilikuwa miaka ya sabini, mwanzoni. Mradi wetu ulikuwa wa kutibu ukoma katika bonde la Usangu, kwa wakulima wa mpunga wa pande za Rujewa na kwa wafugaji waliokuwa wakihamia huko na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Mgonjwa alipaswa kumeza vidonge miaka na miaka bila kukatisha. Akikosa, ugonjwa unarudi, na vidole vilivyokufa ganzi havirudi. Kwa hiyo gari la dawa lilitakiwa kujua kila mgonjwa yuko kijiji gani, na gari lilijua hayo kutoka kwangu.

Sasa nawaeleza kadi zenyewe, maana vijana wengi wanadhani kabla ya kompyuta tulikuwa tunaandika ukutani. Kila mgonjwa alikuwa na kadi moja ngumu. Katikati imeandikwa jina lake na namba yake. Pembeni, kuzunguka kadi nzima, kuna matundu madogo, na kila tundu lina maana yake: hili la mwanamke, hili la mtoto, hili la aliyekosa dawa mwezi uliopita, na upande wa juu wote ni matundu ya vijiji. Jambo likiwa kweli kwa mgonjwa huyo, unachukua koleo kama lile la mkaguzi wa tiketi za treni, unalikata tundu mpaka ukingoni. Tuliita kukata mdomo.

Ukitaka watu wa kijiji fulani, unashika fungu la kadi, unalisawazisha mezani, unapitisha sindano kwenye tundu la kijiji hicho, unanyanyua na kutikisa. Zenye mdomo zinaanguka. Zisizo na mdomo zinabaki zinaning'inia. Unatikisa tena na tena, kwa sababu kadi zikipata unyevu zinashikana, na Mbeya unyevu haukosekani. Kona moja ya kila kadi ilikatwa mshazari, ili kadi ikiingia kichwa chini uione papo hapo. Na kama mtu amehama au umekata vibaya, unaziba mdomo kwa kiraka cha karatasi yenye gundi, unatoboa tundu upya, kadi inaendelea na maisha. Mtoto wa dada yangu anafanya kazi na kompyuta. Aliponionyesha jinsi anavyoandika mistari michache, mashine ikapita yenyewe ndani ya faili na kubadilisha kila rekodi inayohusika, nilimwambia hiyo kazi naijua, tofauti ni kwamba mashine yangu ilikuwa mkono.

Mistari yenyewe sisi tuliita waraka wa hatua. Hukuruhusiwa kugusa kadi kwa kichwa chako. Kwanza unaandika: pitisha sindano hapa, zilizoanguka kata mdomo pale, ziba kiraka huku, rudisha. Halafu ndipo unafanya ulivyoandika, kwa mpangilio ulioandika. Waraka ulikuwa na sababu nyingine kubwa zaidi. Magari ya dawa yalikuwa mawili. Mwezi huu linatoka la Mbeya, mwezi ujao linatoka la Iringa, na yote yanahudumia watu wale wale. Kwa hiyo kadi zilikuwa seti mbili, moja kwangu, nyingine kwenye ofisi ya Iringa, na zilitakiwa zifanane kama pacha. Mimi nikibadilisha zangu, nauweka waraka kwenye bahasha, nampa kondakta wa basi, na karani wa Iringa anafanya hatua zile zile kwenye zake. Akimaliza anaandika chini, "Nimefanya," anasaini, anaurudisha. Na yeye akianza, mimi ndiye ninayefuata.

Nilipanga chumba Mwanjelwa kwa Mama Tumpe, Mnyakyusa mmoja mwenye moyo mzuri kabisa mpaka siku aliponiuliza nafanya kazi gani. Nilimwambia. Kesho yake nikakuta kikombe changu kimetengwa, kimewekwa dirishani peke yake. Siku iliyofuata kigoda changu nacho kikahamia upande mwingine wa jiko.

"Si kwa ubaya, mwanangu," aliniambia. "Nina watoto. Zile karatasi wanazishika wale wagonjwa, halafu unazishika wewe."

"Mama, kadi hazijawahi kufika kwa mgonjwa. Zinakaa ofisini."

"Haya. Lakini utatumia kikombe chako."

Habari zikazunguka Mwanjelwa haraka kuliko nilivyodhani. Muuza vitumbua akawa ananiomba niweke hela juu ya meza, asiipokee mkononi. Kwenye harusi ya jirani, msikitini petu, wanawake walinisogezea sinia langu mwenyewe, eti mgeni apewe heshima yake. Nililia siku hiyo, sifichi. Ofisini nako nilikuwa peke yangu, mimi na kabati la droo, kwa sababu Bwana Mratibu alikuwa safarini wiki tatu katika nne na dereva alilala garini. Kuna wiki ilipita, nikagundua Ijumaa kwamba tangu Jumatatu sijatamka sentensi nzima kwa mtu.

Aliyenitoa kwenye hali hiyo alikuwa karani wa Iringa. Kwa muda mrefu sikumjua hata jina. Alisaini "Iringa" tu, na mimi nikisaini "Mbeya". Siku moja waraka ulirudi umeandikwa pembeni kwa penseli: "Nimefanya. Kadi zimeshikana sana leo, ukungu umeingia mpaka kwenye droo. Huko je?" Nikayasoma maneno hayo mara nyingi kuliko yalivyostahili. Kwenye waraka uliofuata nikamjibu kwa penseli kwamba huku ukungu ni mpangaji mwenzetu, na kwamba mimi naziweka kadi karibu na jiko la mkaa kabla ya kuzitikisa. Akarudisha: "Nimejaribu. Zimekauka. Moja imekunjamana kama mzee, nimeiandika upya."

Basi ikawa hivyo, kila bahasha na neno lake. Nilimjua kwa namna ya kazi yake. Alipenda kuanza na fungu dogo, aliniandikia, ili aone kazi imesogea. Alikata mdomo safi, bila kuchana. Hakuwahi kuniuliza kabila, wala ninaishi na nani, wala kwa nini binti wa Kilosa anafanya kazi ya ukoma. Aliwahi kuandika mara moja tu kuhusu watu: "Hapa wananisalimia kwa mbali. Nimezoea." Nilijua basi kwamba na yeye ana kikombe chake dirishani. Watu wameniuliza kama nilimpenda. Nawajibu kwamba alikuwa ndiye mtu pekee aliyekuwa akiongea na mimi, na nilikuwa nalisubiri lile basi. Kama hilo ni kupenda, sawa.

Bwana Mratibu wa kwanza alihamishwa, akaja wa pili. Kijana, amesoma nje, viatu vinang'aa, na alikuwa hana subira na chochote kilichokuwepo kabla yake. Siku aliyofika alifungua kabati langu, akaangalia, akauliza kwa nini kuna seti mbili.

"Magari ni mawili, Bwana," nikamwambia.

"Magari ni mawili, mradi ni mmoja. Makarani wawili kwa kazi moja. Siku nitakayoona seti hizi zimetofautiana, nitabaki na moja, na karani mmoja."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayepanga fanicha. Mimi usiku ule sikulala, na si kwa sababu ya mshahara, ingawa niliuhitaji. Nilikuwa nahesabu kwamba ikibaki seti moja hakuna waraka wa kupeleka, na bila waraka hakuna "Iringa". Nikamwandikia kwa penseli: "Tuwe waangalifu. Bwana mpya anatafuta kosa." Akajibu: "Hataliona."

Halafu ukaja wakati wa watu kuhamishiwa vijiji vipya. Wale mliozaliwa baadaye hamuwezi kujua ilivyokuwa kwa mtu wa kadi. Leo kijiji kipo, kesho kimesogezwa ng'ambo ya mto, na wengine walihamishwa zaidi ya mara moja. Kadi zikawa viraka vitupu, kiraka hakikwambii tena kimebandikwa lini. Katikati ya hayo, ikaja taarifa moja ya kawaida kabisa: watu wa Kijiti wamehamia Mwaloni, na waliokuwa Mwaloni wamesogezwa Tambarare.

Tazameni hapo, kwa sababu kila kitu kimetoka hapo. Hatua hizo haziwezi kufanywa ovyo. Lazima uanze na wa Mwaloni, uwapeleke Tambarare, ili Mwaloni ibaki tupu. Ndipo uwalete wa Kijiti. Ukianza na wa Kijiti, ukiwatia Mwaloni wakachanganyika na wenyeji, basi hatua ya pili ukipitisha sindano kwenye tundu la Mwaloni wanaanguka wote, wapya na wa zamani, na wote unawapeleka Tambarare. Niliandika waraka hivyo: kwanza Mwaloni, pili Kijiti. Nikafanya. Nikapeleka. Ukarudi: "Nimefanya."

Mwezi uliofuata ilikuwa zamu ya gari la Iringa. Likapita Mwaloni bila kusimama, kwa sababu kwa kadi za Iringa Mwaloni hakuna mgonjwa hata mmoja. Watu wa Kijiti walikuwa wamekaa kando ya barabara tangu asubuhi, wengine wamebebwa, wakaliona gari linakwenda zake na vumbi lake. Tambarare likashusha dawa za watu ambao hawapo. Mganga msaidizi wa gari alitoa taarifa, na Bwana Mratibu akaja ofisini kwangu ameishika. Gari likarudishwa Mwaloni, vidonge vikawafika, namshukuru Mungu. Lakini alikuwa amepata alichokuwa akikitafuta.

"Chukua kadi zako uende Iringa," aliniambia. "Mlinganishe moja moja, mpaka seti ya Iringa iwe sawa. Mkimaliza nakuja. Itabaki seti moja, pale Iringa, na karani mmoja. Nani, nitaamua huko huko."

Nilisafiri na makasha ya kadi miguuni, na shuka la kujifunika nimezifunika kadi. Basi likanishusha Ipogolo, chini ya mlima wa Iringa, na hapo amesimama mwanamume wa makamo, mrefu, koti limechakaa viwikoni, ana mkokoteni wa kuazima.

"Wewe ndiye Mbeya?" akauliza.

"Na wewe Iringa."

"Alfonsi," akasema, akanipa mkono. "Kamwene, dada. Pole na safari." Akaushika mkono wangu vizuri, kama watu wanavyoshikana mikono, na mimi nikasahau kujibu salamu yake. Nilikuwa sijashikwa mkono muda mrefu mno.

Alikuwa anaishi pale pale Ipogolo, mke wake alikuwa amefariki, watoto wako kwa bibi yao huko milimani. Nililala kwa shemeji yake jirani. Kila asubuhi tulipanda mjini ofisini kwake, tukaweka seti mbili mezani, yake kushoto, yangu kulia. Mimi nasoma namba, yeye anatafuta pacha wake, tunaziweka moja juu ya nyingine kwenye mwanga wa dirisha. Midomo ikilingana mwanga unapita. Isipolingana, anabandika kiraka.

Siku ya kwanza alinieleza kosa bila kuzunguka. "Fungu la Kijiti lilikuwa dogo," alisema. "Nikaanza nalo. Unajua tabia yangu."

"Naijua, kaka Alfonsi."

"Siku zote ilikuwa haina madhara. Hatua mbili zisizogusana, anza na yoyote. Sikuona kwamba hizi zinagusana." Akabandika kiraka kimoja. "Wale watu walikaa barabarani mchana mzima."

Mchana tulikula ugali na mboga kwenye sahani moja, kwa sababu ofisi ilikuwa na sahani moja. Aliongea sana, mtu yule, kuliko alivyoandika. Alinicheka jinsi ninavyotamka majina ya Kihehe. Mimi nilimcheka penseli yake anavyoilamba kabla ya kuandika. Nilimweleza habari za kikombe cha Mama Tumpe, akacheka mpaka akajifuta machozi, halafu akanieleza ya kwake: kanisani walimwachia benchi zima. "Najinyoosha kama nyumbani," alisema. Nilicheka na mimi. Ilikuwa mara ya kwanza jambo lile kunichekesha.

Kadi zikawa zinapungua. Sote wawili tulijua mwisho wa kadi ni mwisho wa nini, na hatukulitaja. Ila niliona kwamba anatikisa mara nyingi kuliko inavyohitajika. Na mimi nikaanza kusoma namba polepole. Kadi iliyolingana tuliiweka dirishani tena, kuhakikisha. Mtu angetuona angesema tuna bidii.

Bwana Mratibu alipofika, kadi zilikuwa zimemalizika na meza imepanguswa. Akauliza swali moja tu: kosa lilikuwa kwenye waraka au kwenye utekelezaji?

Nikawahi mimi. "Bwana, waraka wangu ulitaja hatua, haukusema kwa nini Mwaloni itangulie. Ningeeleza sababu, asingegeuza."

"Waraka hautakiwi kueleza sababu," akasema.

"Hatua ziliandikwa sawasawa," Alfonsi akasema. "Mimi nilizigeuza. Karani wa Mbeya hana kosa."

Angeweza kukubali nilichosema, tukagawana, na huenda Bwana Mratibu angepata kazi kuchagua. Hakutaka. Akafungua mkoba wake, akatoa koleo la ofisi na sindano yake, akaviweka mbele yangu, mpini umeelekea kwangu. Kiti chake kilikuwa na mto mdogo wa kitambaa. Aliuchukua huo tu. Nikapewa Iringa.

Mnataka kusikia kazi ilivyoendelea. Iliendelea vizuri. Ofisi ya Mbeya ikafungwa, magari yote mawili yakawa yanatokea Iringa, na kadi zikabaki seti moja ambayo haikuweza kutofautiana na chochote. Niliandika waraka, nikaufanya mimi mwenyewe, nikaandika chini "Nimefanya," nikausaini, nikauweka kwenye jalada. Waratibu walikuja na kuondoka, kila mmoja akinisifu kwa Mratibu anayefuata. Dawa mpya zikaja, za kumeza muda mfupi, wagonjwa wakapona, droo zikaanza kubaki wazi. Hilo lilinipa furaha ya kweli. Sikuolewa. Ofisini nilikuwa mimi na kabati, na jioni nilikuwa mimi na redio.

Ipogolo sikushuka. Nilikuwa nimekalia kiti cha mtu, na kila nilipomwaza nilimwona ameshika ule mto. Niliambiwa analima bustani ya mboga karibu na barabara kuu, anauzia mabasi. Nilipopita kwa basi nilikaa upande wa pili. Nilisema moyoni, huyu hataki kuniona, na nisingemlaumu.

Nilipostaafu walinifanyia chai, wakanipa kitenge na saa ya ukutani. Kijana mmoja wa ofisi aliniomba niwaachie wenzangu neno. Nikawaambia waandike hatua kabla ya kugusa data, wafuate mpangilio, na kama kuna hatua zinazogusana waseme kwa nini, hata bosi akikataa. Wakapiga makofi. Nikatoka nje nikiwa sina kiti cha mtu yeyote, na kwa mara ya kwanza miguu ikanielekeza Ipogolo.

Nilimkuta anamwagilia sukuma wiki. Amezeeka, mgongo umeinama, lakini alinijua kabla sijabisha hodi. Akaweka ndoo chini, akaleta viti viwili, akachemsha chai mwenyewe. Tulikaa tukitazama malori yanavyopanda. Nikamwambia nimestaafu. Akasema hongera. Nikamwambia wagonjwa wamebaki wachache mno. Akasema amesikia, na macho yake yakafurahi. Kisha nikashindwa kuendelea kuzunguka.

"Nilijua umenikasirikia," nikasema. "Ndiyo maana sikuja."

"Nilikasirika," akasema. "Wiki moja hivi. Baada ya hapo, dada, nikawa nakungoja ushuke."

Aliniongezea chai. Kutoka mjini mpaka Ipogolo ni mteremko tu, mtu mwenye miguu mizima anashuka bila hata kupumzika. Nilikuwa nimeishi juu yake miaka yote ile, nikila peke yangu.